Kudura ya Mungu na Unyonge wa Waja: Habari za Rabai

Tarehe 25 Agosti mwaka 1846, watu wawili waliokuwa wakitetemeka kwa homa walipanda kilima kikali cha Rabai, upande wa bara wa mji wa Mombasa, wakipokezana punda mmoja, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyekuwa na nguvu za kwenda kwa miguu mpaka mwisho wa safari. Wa kwanza, Johann Ludwig Krapf, alikuwa mtu wa miaka 36 aliyekwisha kuonja taabu nyingi. Wa pili, Johannes Rebmann, alikuwa kijana wa miaka 26 ambaye hata miezi mitatu ilikuwa haijatimia tangu aliposhuka chomboni. Wote walikuwa wazaliwa wa Württemberg, katika nchi ya Ujerumani, nao walitumwa na CMS, chama cha kueneza Injili cha Kanisa la Uingereza. Wazee wa Rabai walikuwa wamekwisha kukutana na kuridhia wageni hao wakae kwao. Na hivyo siku ile, ambayo Wakristo wa Kenya huihesabu miongoni mwa siku za mwanzo wa Kanisa lao, haikuwa na shangwe wala kishindo. Krapf alipokuja kuiandika baadaye, alisema kwa maana kwamba ni nadra kazi ya utume kuanzishwa katika udhaifu kama ule, na kwamba ilipasa kuwa hivyo, ili wao wenyewe wasijivunie nguvu zao, na wale watakaowafuata wasisahau kuwa Mungu hutumia hata unyonge wa binadamu kutimiza kusudi lake.

Maneno ya namna hiyo ni mepesi mdomoni mwa mtu aliyeshiba na mwenye afya. Nimeyachagua kuwa mlango wa makala hii kwa sababu aliyeyanena alikuwa amekwisha kuyalipia. Wakristo wa nchi zetu hutaja uweza wa Mungu kila siku, katika ibada za Jumapili, kando ya vitanda vya wagonjwa, na kwenye matanga, hata neno lenyewe limekuwa kama salamu. Lakini ukiuliza maana ya kuutegemea uweza huo, utapata majibu yanayopingana. Wako wanaoamini kwamba atakayemtumaini Mungu kwa dhati hataugua wala hatapungukiwa, na wako wanaoelewa kwamba kumtumaini Mungu ni kuketi mikono kifuani na kungoja. Habari za Rabai zaonyesha jambo la tatu, zito kuliko hayo mawili na, kwa yakini yangu, la kweli kuliko yote mawili: kwamba mtu akiri mpaka wa uwezo wake pasipo kujidanganya, aifanye kwa ikhlasi kazi iliyo mbele yake, na amwachie Mungu matokeo ambayo huenda macho yake yasijaaliwe kuyaona.

Krapf hakuwa amekusudia kuja Mombasa. Alitumwa kwanza Uhabeshi mwaka 1837, akaweka moyo wake wote katika taraja ya kuwafikia Waoromo, na alipofungiwa njia huko mwaka 1842 mipango yake yote ikavunjika. Mwaka huo huo alimwoa Rosina Dietrich katika mji wa Alexandria, na katika safari zao za kujaribu kurudi Uhabeshi mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani, akafa, wakamzika njiani. Januari mwaka 1844 walifika Unguja, ambako Sayyid Said bin Sultan, mtawala Mwislamu aliyejua wazi kwamba mgeni wake amekuja kuhubiri dini nyingine, alimpokea kwa jamala na kumpa barua ya kuwaagiza maliwali wa pwani wamtendee wema. Mwezi Mei wakawa wamekaa Mombasa. Mwezi Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike akiwa katika homa kali, na tarehe 13 ya mwezi huo akafariki. Mtoto naye akamfuata siku chache baadaye. Krapf alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kunyanyuka, na ilimbidi ajikokote kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba mkewe amekata roho kweli. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mahali ambapo leo ni Nyali, na kaburi lao lipo hadi sasa. Katika barua aliyowaandikia wakuu wa chama chake, mjane huyo wa kiume hakuomba aitwe nyumbani. Aliwaambia kwamba kaburi lile la upweke ni alama ya kuwa vita vimeanza katika upande huu wa dunia, na kwamba wajiandae kuleta watu wengine.

Barua hiyo imesifiwa sana kwa miaka mingi, nami naiheshimu, lakini nadhani husifiwa kwa haraka mno. Msomaji hurukia ushujaa na kukisahau chumba chenyewe: mwanamume kitandani, mke kitanda cha pili, mtoto wa juma moja, na homa ambayo hapana mtu yeyote duniani aliyejua sababu yake. Wakati ule waganga wa Ulaya walidhani kwamba homa hiyo yatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Kwinini ilikwisha kupatikana tangu mwaka 1820, lakini kanuni za kuitumia kwa kinga zilikuwa bado hazijatulia; na ilikuwa mpaka mwaka 1897, miaka 53 baada ya msiba wa Mombasa, ndipo Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza huko India, alipovumbua vidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Basi Krapf na Rosina waliomba, na walipokuwa wakiomba mbu walikuwa wakiingia dirishani. Sioni sababu ya kuficha jambo hili. Imani ya Kikristo haijapata kudai kwamba Mungu humfunulia mcha Mungu kila siri ya maumbile ili asipatwe na madhara. Hudai kwamba hata ndani ya ujinga wetu, na hata ndani ya msiba uletwao na ujinga huo, Mungu hajatutupa mkono.

Na mafundisho haya yamo katika shina lenyewe la Maandiko. Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, asimulia kwamba alikuwa na mateso mwilini aliyoyaita mwiba, ambayo wafafanuzi wameshindana kwa karne nyingi kuyatambua, wengine wakidhani ni ugonjwa wa macho, wengine kifafa, wengine adui zake. Lakini lililo wazi ni kwamba alimwomba Bwana mara tatu amwondolee, na hakuondolewa. Alichopewa badala yake ni ahadi kwamba neema itamtosha na kwamba nguvu za Mungu hutimia palipo na udhaifu. Huyo ndiye mtume ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake viliwaponya wengine, kama Kitabu cha Matendo kinavyohadithia. Tena yuko Gideoni, aliyeanza na jeshi la watu 32,000 dhidi ya Wamidiani, akaambiwa awaruhusu waoga waende zao, wakaondoka 22,000; kisha kati ya 10,000 waliosalia akabakizwa na 300 tu, na sababu iliyotolewa ni kwamba Israeli wasije wakasema kuwa ni mkono wao uliowaokoa. Na juu ya hao wote yuko Yesu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane, akiomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Dini ambayo katikati yake umesimama msalaba haiwezi kuuona unyonge kuwa dalili ya kuachwa na Mungu.

Ndiyo maana nahuzunishwa na mahubiri ambayo siku hizi yamepata wasikilizaji wengi katika miji yetu, yanayofundisha kwamba ugonjwa usiopona ni ushahidi wa imani haba, na kwamba umaskini ni laana aliyojiletea mtu kwa kutotoa sadaka ya kutosha. Kwenye matanga husikika mjane akiambiwa, na watu wanaodhani wanamfariji, kwamba laiti wangelikesha katika maombi siku chache zaidi marehemu angelikuwa hai. Maneno hayo humwongezea mfiwa mzigo wa pili, mzito kuliko wa kwanza, maana amekwisha kumpoteza mpenzi wake na sasa anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua kwa uchache wa imani. Wahubiri hao wangemwambia nini Krapf pembeni ya kaburi la Rosina? Na wangemwambia nini Paulo? Uweza wa Mungu, kama Wakristo wa zamani walivyouelewa, si mali ya mwenye kuomba kwa sauti kubwa, wala haununuliwi. Ni wa Mungu, naye huutumia apendavyo, na mara nyingi huutumia katika njia ambayo mwombaji hakuiomba. Mja hana hiari, wasema watu wa pwani, na Mkristo aweza kuikubali kauli hiyo kwa moyo mweupe, maadamu anajua kwamba yule mwenye hiari ana huruma.

Lakini kuna upande wa pili, na hapo Krapf atufaa zaidi kwa kazi yake kuliko kwa huzuni yake. Mwezi Juni mwaka 1844, yaani wiki chache kabla ya msiba, alikuwa amekwisha kuanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye hakufanya hivyo peke yake: aliyeketi naye na kumfunulia lugha alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, mtu wa Barawa kwa asili. Baada ya mazishi alirudi kwenye karatasi zake. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka 1850. Na kamusi yake, ambayo wachunguzi wa lugha wangali wakiifungua wanapotafuta maneno ya zamani ya Kimvita, ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Hayo ndiyo matendo ya mtu aliyemtumaini Mungu. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hapana andiko linaloigeuza ajizi kuwa ucha Mungu. Aliyeomba apewe lugha alikwenda kwa kadhi asubuhi, akauliza jina la kila kitu, akaliandika, akalikosea, akalisahihisha.

Mwaka 1851 Krapf alifanya safari ya pili ya Ukambani, akiwa na Kivoi, mfanyabiashara na mkuu wa Wakamba wa Kitui, ambaye miaka miwili nyuma alimwezesha kuuona mlima wa Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Safari hii walivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Krapf akajikuta peke yake nyikani, hana chakula, hana kiongozi, hana hata chombo cha kuchukulia maji. Usiku alifika mtoni, akanywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Lakini alipokuwa akipenya vichakani miti iliyang'oa majani yale, na maji yakamwagika. Kiu ilipomzidi alisikia kelele za nyani. Akafuata sauti zao mpaka kwenye mkondo mkavu wa kijito, na huko akakuta shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba katika mchanga kutafuta maji, akanywa, akamshukuru Mungu.

Naipenda habari hii kwa sababu haina ajabu yoyote ya kuvunja kanuni za maumbile. Nyani walichimba kwa sababu ya kiu yao wenyewe. Krapf alijua, kama ajuavyo mwindaji yeyote, kwamba penye nyani wengi bondeni aghalabu maji hayako mbali, na alikuwa na akili ya kutosha kuitumia elimu hiyo hata katika hali ya kukata tamaa. Hata hivyo hakusema kwamba ni ujanja wake uliomwokoa. Mkristo haoni haja ya kuchagua kati ya mambo hayo mawili, kama vile asivyo na haja ya kuchagua kati ya sala na sindano ya hospitalini; Mungu aliyeweza kuyatoa maji mwambani kwa fimbo ya Musa ndiye aliyewapa nyani makucha, na shukrani yamstahili katika hali zote mbili.

Rebmann alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa, na kwangu mimi yeye ndiye mwalimu mkubwa zaidi katika habari hii, ijapokuwa jina lake halitajwi sana. Krapf alikuwa na ndoto pana: alitaka kuweka mfululizo wa vituo vya Injili kutoka Mombasa kukata bara lote la Afrika mpaka bahari ya magharibi. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja. Hakukosa ujasiri wa safari, maana tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na kutambua kwamba weupe wa kilele chake ni theluji, akawa Mzungu wa kwanza kuliandika jambo hilo. Na alipoliandika, wataalamu wa London, hasa W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga mchanga wa Afrika Mashariki, walimkejeli kwa miaka, wakisema theluji karibu na mstari wa ikweta ni njozi ya macho mabovu. Ilibidi mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken aupande sehemu ya mlima huo ndipo ukweli ukakubaliwa. Rebmann hakupoteza umri wake katika kujitetea. Alirudi Rabai akafanya kazi ya maneno.

Miongoni mwa watu aliokutana nao alikuwamo mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka nchi za ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Kutoka kinywani mwa mtu huyo, neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka, Rebmann alikusanya kamusi ya lugha ya Kinyasa, lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakupata kuiona. Wenzake walikufa au kuondoka: Johann Wagner alifariki mwaka 1849 muda mfupi baada ya kufika, Christian Pfefferle mwaka 1851 vivyo hivyo, na Krapf mwenyewe alilazimika kurudi Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Mke wa Rebmann, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yakaanza kufifia. Mwaka 1873, Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja kushughulikia mkataba wa kufunga soko la watumwa, alifika Rabai akamkuta mzee huyo katikati ya makamusi yake, na waongofu wake ni wa kuhesabika kwa vidole. Alipoondoka Afrika mwaka 1875 alikuwa amekaa miaka 29 pasipo kwenda kwao hata mara moja, naye alikuwa karibu kipofu kabisa. Aliyemshika mkono njia nzima mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Rebmann alikufa mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 1876, katika kijiji cha Korntal alikokuwa akikaa Krapf. Kamusi ya Kinyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, ikitengenezwa na Krapf, wakati Waskochi walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao kwenye ziwa Nyasa na kuhitaji msaada wa lugha hiyo.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawapamba watu hawa kuwa malaika. Unyonge wao haukuwa wa mwili tu. Krapf na Rebmann walikosana kwa sababu ya njia za kazi, na katika maandiko yao waliwahukumu Warabai kwa ukali ambao msomaji wa leo huumia kuusoma, wakiziona ngoma, tembo la mnazi na mila za kaya, miji yao ya jadi, kuwa giza tupu, ilhali watu wale walikuwa na utaratibu wao wa kumwomba Mulungu wakati wa ukame na maradhi tangu kabla ya mgeni yeyote kupanda kilima chao. Waliwalaumu pia Waislamu wa pwani, ambao wema wao ndio uliowapatia barua, nyumba na lugha. Wala haitupasi kusahau kwamba njia walizozifungua kwa miguu yao baadaye zilipitiwa na bendera za dola, kinyume cha yale waliyoyaombea. Mtu akisema kwamba Mungu alitumia udhaifu wa Krapf na Rebmann, basi na auhesabu udhaifu wote, pamoja na ule wa kutowasikiliza vema watu waliowakaribisha. Imani inayokiri homa tu na kuficha kiburi haijakiri kitu.

Na wale waliosikiliza walikuwa nani? Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, kiwete, mtu asiyekuwa na cheo katika mashauri ya kaya, ambaye alizoea kuzungumza na wageni kwa saa nyingi, akabatizwa mwaka 1851 akiwa katika maradhi ya kufa. Krapf, aliyetamani kuyaongoa mataifa, alipewa kiwete mmoja aliye ukingoni mwa kaburi. Kisha akaja Abe Gunja pamoja na mwanawe Nyondo, huyo huyo aliyemwongoza Rebmann, nao walibatizwa mwaka 1861, miaka 15 baada ya siku ile ya punda. Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliotoka India, kina William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao utotoni walitekwa utumwani, wakaokolewa na manowari za Kiingereza baharini na kulelewa Nasik, karibu na Bombay. Hao walikuwa wamepokonywa kila kitu ambacho mwanadamu aweza kupokonywa, wazazi, lugha, hata majina, na hao ndio waliokuja kuwa walimu wa Rabai na wa Freretown, kituo cha watumwa walioachiliwa huru karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda, na Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia mpaka Rabai, wakaingia Februari 1886 wamechoka na wamekonda, wakiwa na habari za mauti mikononi mwao.

Katika miaka hiyo Rabai iligeuka kimbilio la watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani. Wamisionari wenyewe walisitasita, wakiogopa hasira ya mabwana na sheria ya nchi, lakini watoro waliendelea kuja, wakajenga vibanda, wakalima, wakaingia madarasani. Na tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, walipewa hati za uhuru. Hapakuwa na hata mmoja miongoni mwa wakuu wa chama huko London aliyekuwa amepanga kwamba kilima kile kitakuwa mahali pa namna hiyo. Hata hivyo ndivyo kilivyokuwa, na wengi katika Wakristo wa kwanza wa pwani ni wana na wajukuu wa watu waliofika pale usiku, hawana chochote ila miguu yao.

Umebaki ule mfululizo wa vituo aliouota Krapf. Haukujengwa kama alivyouchora. Watumishi wa CMS walipofika Buganda mwaka 1877 hawakupitia Rabai. Walipita njia ya Unguja na bara la Tanganyika, na Krapf, aliyefariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, alijua machache tu kuhusu mwanzo huo. Katika Buganda alipatikana mtu aliyeitwa Apolo Kivebulaya, aliyepata kuwa askari na aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, ikiwa ni miaka 50 tangu homa ya Rabai, Apolo alivuka mto Semliki kwa miguu akaingia Boga, katika nchi ambayo sasa ni Kongo, akiwa na jembe na vitabu vichache. Chifu Tabaro hakumtaka. Alinyimwa chakula, nyumba yake ilichomwa, na mwaka 1898, dada wa chifu alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alishtakiwa, akapigwa, akafungwa minyororo na kupelekwa Toro. Alipoachiliwa alirudi Boga kwa hiari yake, na Tabaro aliyemfukuza akaomba ubatizo. Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903. Katika uzee wake alikwenda kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, ambao majirani zao hawakuwahesabu kuwa watu wa kufundishwa, akajifunza kusema nao, na alipofariki mwezi Mei 1933 aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kule kazi ilikobaki. Walimu aliowafundisha wakaendelea kuingia msituni, na mwaka 1972 Boga ikafanywa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo.